Papa Kasimu na Jiko Lililorudi Nyuma

Leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Papa Kasimu Idriss anastaafu baada ya kuitumikia Kliniki ya Kisima Kipya, hapa mtaani Bel-Air, kwa miaka thelathini na mmoja na nusu. Aliingia tarehe 2 Mei 1994 kama mlinzi wa jenereta. Anatoka akiwa fundi wa umeme ambaye hakuna chumba katika kliniki hii asichowahi kukiingia na bisibisi mkononi. Mimi ni Jeanne, mpishi mkuu. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu, eti, naijua kazi yake na maneno hayanipungukii. Waliniomba yawe mambo ya kufurahisha. Nitayaandika, lakini mnisamehe, kwa maana tangu siku kumi na moja zilizopita nimeshtuka na sijatulia. Faili la kazi la Papa Kasimu lina doa. Doa hilo si lake, na nisipolisema leo ataondoka nalo.

Tuanze na ya kufurahisha. Papa Kasimu ni mjukuu wa fundi cherehani aliyetoka Kasongo, Maniema, na mtoto wa mtengeneza redio. Umeme hakuusomea popote. Alijifunza kwa kufungua jenereta iliyokufa na kuifunga tena mara nyingi, mpaka siku moja, kwa mshangao wake mwenyewe, ikanguruma. Mwaka 2003 umeme ulikatika daktari akiwa katikati ya upasuaji, na jenereta mpya ikagoma. Papa Kasimu aliiwasha kwa kipande cha waya alichokuwa amefungia suruali yake, kisha akaja kutoa taarifa mlangoni huku suruali ameishika kwa mkono wa kushoto. Mgonjwa alipona. Suruali nayo ilipata mkanda, zawadi ya wauguzi.

Mwaka 2009 alitumwa Pweto kutengeneza pampu ya kituo chetu cha huko. Alirudi na gunia la samaki wakavu ndani ya gari la wagonjwa, na kwa wiki nzima kila mgonjwa aliyepanda gari hilo alifika kliniki akiuliza chakula ni saa ngapi. Aliitwa ofisini kwa ajili ya gunia hilo. Alikiri, akaomba radhi, akamwachia msimamizi samaki wanne.

Sasa nije kwenye jiko.

Jiko la umeme lililopo jikoni kwetu lilifika Machi 2013, lenye vyuma sita vya moto na oveni mbili, zito kama ng'ombe aliyekataa kutembea. Kabla ya hapo tulipikia watu tisini kwa makala, yaani mkaa, kwenye mbabula, yale majiko ya chuma ya chini, macho mekundu kuanzia asubuhi. Tulilishangilia jiko lile kwa vigelegele. Baada ya miezi michache likaanza tabia. Ungeweza kuwa unachemsha maji ya bukari, ugali wetu, mara vyuma vyote vinapoa na taa ndogo za mbele zinazimika kama hazikuwahi kuwaka. Hapo tulikuwa tunamwita Papa Kasimu.

Namna yake ya kulitibu ilijulikana kliniki nzima. Aliwatoa watu wote jikoni, wapishi hadi uani, akafunga mlango. Tulisikia akizima disjoncteur, ile swichi kubwa inayokata umeme wote wa jikoni. Kisha kimya kwa dakika kumi. Kisha kitu kizito kikikwaruza sakafu. Kisha swichi tena, klap, na mlango unafunguliwa, na jiko linawaka. Tukimuuliza limekuwaje, alisema lilichoka, limepumzika. Sakafuni alikuwa amechora mstari wa chaki mbele ya miguu ya jiko, na kila ulipofutika aliuchora upya. Edmond wa stoo aliapa kwamba ni dawa ya kwao Maniema. Mimi nilicheka, lakini nakiri kwamba sikuukanyaga mstari ule hata siku moja.

Asubuhi pia alikuwa wa kwanza kufika. Sisi tulipoingia saa kumi na mbili na nusu tulimkuta ameshakaa kwenye kiti cha mlango wa jikoni na chai yake. Nilimtania miaka yote kwamba mkewe, Mama Alima, anamfukuza mapema. Alicheka tu.

Jumatatu tarehe 20 Oktoba, secrétariat, ofisi ya makaratasi, ilinipa faili lake ili nipate tarehe sahihi. Nilisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni. Kulikuwa na barua ya mwezi Oktoba 2014, kwa mwandiko wa Papa Kasimu mwenyewe, ikisema kwamba hitilafu za jiko zinatokana na uzembe wake kwa sababu hakukaza skrubu za nyaya ipasavyo siku ya kulifunga. Kulikuwa na karatasi ya lawama iliyojibu barua hiyo. Na kulikuwa na karatasi ya mwaka 2016, iliyomnyima ukuu wa idara ya ufundi kwa sababu ya lawama ile. Papa Kasimu, ambaye hukaza hata skrubu za miwani ya watu wengine bila kuombwa! Chini kabisa kulikuwa na fomu mbili za kuomba chuma cha kuzuia jiko lisirudi nyuma. Zote amezijaza yeye mwenyewe vizuri, isipokuwa kisanduku cha sababu, na zote zimerudishwa kwa maneno kwamba hazijakamilika.

Nililibeba swali langu kwa Bénit, fundi kijana aliyekuja kupokea kazi ya Papa Kasimu. Nilitaka kujua ni kitu gani kinaweza kurudisha nyuma jiko zito namna ile. Alisema hajui, lakini kesho yake alisimama pembeni akatuangalia tunapika. Ikafika zamu ya bukari. Wanaonijua wanajua jinsi ninavyosonga: sufuria kubwa, mwiko mrefu kama kasia, na magoti yangu mawili nimeyakaza kwenye mlango wa oveni ili nipate nguvu. Kwenye mbabula sufuria hushikwa kwa miguu, na juu ya jiko lile hakuna pa kushika, kwa hiyo nilibuni njia yangu na nikajisifu nayo. Wapishi wapya wote nimewafundisha. Bénit aliinama, akapima sakafu kwa vidole, akaniambia polepole ili wengine wasisikie.

“Mama Jeanne, ni weye unaisukumaka na magoti. Inarudia nyuma, inakaba waya ku ukuta, waya inalegea, jiko inazimika.”

Mwiko ulinitoka mkononi. Miaka kumi na miwili nimelilaani jiko lile, nikawalaani waliolitengeneza, nikamcheka fundi wake, kumbe ni magoti yangu. Bukari ya siku hiyo ilikuwa na madonge, na nawaomba radhi wagonjwa walioila.

Saa sita nilimkuta Papa Kasimu nyuma ya karakana. Nilimwekea faili mapajani, nikalifungua penye barua ya 2014. Akanieleza taratibu, bila haraka, kama mtu anayesimulia safari ya zamani. Alijua tangu 2014 kwamba ni magoti yangu. Aliwahi kuweka gogo nyuma ya jiko ili lisirudi. Jumamosi ya usafi sisi wapishi tulilitoa, na siku jiko lilipozimika na makala yakapungua tukalichoma kwenye mbabula. Akaweka la pili, tukalichoma. Akaweka la tatu, na hilo nakumbuka nililichoma mimi, nikasifu kwamba ni kuni kavu nzuri. Akabaki na chaki. Kila asubuhi kabla hatujafika alizima umeme, akalishika jiko, akalivuta hadi kwenye mstari, akakaza skrubu, akawasha, ndipo akanywa chai. Yale aliyoyafanya tumefungiwa nje yalikuwa hayo hayo, kwa siku ambazo nilisonga kwa nguvu zaidi.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Mwaka ule msimamizi wetu, Bwana Adalbert, alikuwa amebandika mlangoni note de service, karatasi ya amri, kwamba mfanyakazi atakayeharibu chombo cha kliniki kwa mkono wake atafukuzwa siku hiyo hiyo. Haikuwa mchezo. Chancelvie wa chumba cha kufulia alikuwa ameondoka kwa sababu ya pasi moja iliyoungua. Skrubu zisizokazwa zilihesabiwa uzembe tu, wa kuleta lawama. Na mimi nilikuwa nimemzika mume wangu, Mwape, mwezi wa nane, nikiwa na watoto wanne na kazi hii tu. Papa Kasimu aliyasema kwa kifupi.

“Mudomo yako haina kifuniko, Mama Jeanne. Ningekuambia, ungesema mbele ya bantu bote, na bangekufukuza. Mwape alikuwa amekufa, miezi mbili tu. Mimi barua moja haingeniua.”

Nililia pale pale, sioni aibu kusema. Halafu nilikasirika, kwa sababu mtu hana haki ya kukubebea mzigo wako miaka kumi na moja huku wewe unamtania juu ya mke wake. Yeye alifunga faili, akanirudishia, akanipa amri moja tu kuhusu wasifu huu.

“Ile usiandike. Andika ya kuchekesha.”

Nimemheshimu Papa Kasimu katika kila neno lake isipokuwa hilo. Jumatano tarehe 22 nilimpelekea Bwana Adalbert barua, nikaeleza ni nani aliyelisukuma jiko, kwa kitu gani, na tangu lini. Mshtuko mwingine ulinikuta ofisini kwake: hakuikumbuka note yake. Karatasi iliyotunyima usingizi sisi sote, iliyomfanya mtu mwaminifu ajiandikie kosa, mwenyewe aliyeitia sahihi aliuliza ni note gani. Akaitafuta kabatini, akaipata, akaisoma mara mbili. Akasema haijawahi kufutwa, kwa hiyo bado inasimama, na kwamba jibu langu, kama nafukuzwa au nabaki, nitalipata Jumatatu tarehe 3 Novemba. Sikumbishia. Niliomba jambo moja tu, lifanyike kabla ya leo.

Limefanyika. Jana mchana karatasi ya lawama ya 2014 na ile ya 2016 ziliondolewa kwenye faili la Papa Kasimu mbele yangu na mbele ya Bénit, na mahali pake ikawekwa taarifa kwamba fundi huyu hakuwa na kosa lolote. Bénit ameshaweka chuma nyuma ya jiko. Fomu yake aliijaza yote, na kwenye kisanduku cha sababu aliandika jina langu kwa ruhusa yangu. Nimeanza kusonga bukari kwa mikono peke yake, na mgongo wangu unalalamika.

Papa Kasimu, najua umekaa kiti cha mbele hapa kwenye sherehe ya kukuaga, unasoma karatasi hii sasa hivi kwa mara ya kwanza, na Mama Alima anaichungulia begani kwako. Usininunie. Wapishi wote, wauguzi wote, na Edmond wa stoo anayeiomba dawa yako msamaha, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja na nusu, na tunakuombea afya, asubuhi ndefu za kulala na chai ya kunywa bila kazi kabla yake. Nenda nyumbani na jina lako safi. Kosa ulilolibeba limerudi kwa mwenyewe, na nimelitia sahihi: Jeanne, mpishi.