Evaline Ntabaye, Mwinjilisti Aliyeketi Mlangoni kwa Bibi Mwamini

Mwinjilisti Evaline Ntabaye anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kulitumikia kanisa letu kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi mnaosoma jarida hili mmemkuta kazini. Wengine mmebatizwa baada ya mafundisho yake, na wengine, kama mimi, mmefokewa naye pale bandarini Kibirizi kwa kuchelewa boti. Nimeombwa niandike habari zake kwa kifupi. Kifupi kimenishinda, mtanisamehe.

Alizaliwa Kalinzi, mlimani, katika familia ya wakulima wa kahawa. Ziwa alikuwa akiliona kwa mbali tu. Alipomaliza chuo cha Biblia akaajiriwa kuwa mwinjilisti wa vijiji vya huko huko juu, akitembea kwa miguu kutoka kilima hadi kilima. Mwenyewe hupenda kusimulia mahubiri yake ya kwanza. Aliyaandaa kwa Kiswahili kilichonyooka, kama alivyofundishwa, akayatoa bila kukwama hata mara moja. Alipomaliza, mzee mmoja akainua mkono akamwambia, "Binti yangu, umesema vizuri sana, kama redio. Sasa zima hiyo redio, utueleze." Akaanza upya kwa Kiha, lugha yao. Ibada iliisha mchana sana, na hakuna aliyeondoka.

Baadaye akahamishiwa ofisi yetu ya Ujiji, asimamie uinjilisti na huduma za jamii katika vijiji vya mwambao. Mtu wa mlimani akapewa ziwa. Safari yake ya kwanza ya boti alitapika tangu Kibirizi hadi alikokuwa akienda, na aliposhuka akahubiri ameshikilia nguzo ya kichanja cha dagaa. Aliporudi akaenda ufukweni Katonga, akawaomba akina mama wanaouza samaki wamfundishe kuogelea. Walimcheka, kisha wakamfundisha, na kitenge chake kikiwa mwilini. Alipoulizwa kwa nini anajisumbua na ilhali Mungu yupo, alijibu, "Petro alizama kwa kukosa imani. Mimi nitazama kwa kukosa kujua kuogelea."

Ni yeye aliyebadilisha ratiba yetu ya mikutano. Zamani tulikuwa tukienda mialoni, kwenye fukwe wanakoshushia samaki, Jumapili yoyote, tunahubiria wanawake na kuku, wanaume wamelala kwa uchovu wa kuvua usiku kucha. Evaline aliona kwamba wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki vizuri. Akataka safari zote zipangwe kwa kufuata mwezi. Ofisi ililalamika kwamba kalenda ya kanisa haiendi hivyo. Akasema wavuvi ndivyo wanavyokwenda, na akaendelea kusema hivyo katika kila kikao hadi tukakubali.

Ningeweza kuandika pia juu ya madarasa ya kusoma aliyoanzisha kwa wanawake wanaoanika dagaa. Lakini kuna jambo ambalo nililiona kwa macho yangu, na nisipoliandika sitakuwa nimemwandika Evaline.

Ulikuwa mwaka wa kipindupindu. Kuna mwalo mmoja kaskazini, kabla hujafika Kagunga. Sitautaja jina, maana watu wake wa leo si wale wa siku ile, ingawa ni wale wale. Ugonjwa uliingia huko mvua zilipoanza. Viongozi wetu, kwa nia njema, wakaamua safari zote za kaskazini zisimame. Siku hiyo hiyo Evaline akaingia kwa Mchungaji Castory, aliyekuwa mkuu wetu wakati huo. Mimi nilikuwa karani, nimekaa pembeni na faili zangu.

"Baba mchungaji," alisema, "mikutano tuisimamishe. Lakini watu hatuwezi kuwaacha."

"Utakwenda kuwahubiria nini watu wanaoharisha, Evaline?"

"Sitahubiri. Nitachemsha maji."

Mchungaji akavua miwani, akaifuta. Kisha akauliza boti inaondoka saa ngapi, akaamuru masufuria yote makubwa ya jikoni ya kanisa yapakiwe.

Alisafiri na bwana afya Walter, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kigoma kutoka Iringa, ambaye hata si muumini wa kanisa letu. Mimi niliwafuata na maboksi ya sabuni na dawa ya kutibu maji. Nilimkuta Evaline kwenye mafiga, macho mekundu kwa moshi, anagawa maji yaliyochemshwa na kwenda nyumba kwa nyumba kuwaonyesha akina mama jinsi ya kuchanganya sukari na chumvi kwa ajili ya mgonjwa.

Kabla sijafika, nahodha mmoja wa boti za dagaa, Bonifasi, alikuwa amefiwa na binti yake mdogo, Diana. Ndugu waliogopa kumgusa marehemu. Evaline alivaa glavu, akamwosha yule mtoto kwa maji ya dawa huku Walter akimwelekeza, akamfunga sanda, na akaenda na Bonifasi hadi kaburini. Hilo nalisimulia kwa sababu ya yaliyofuata.

Mwisho wa mwalo ule, karibu na kijito, aliishi mjane mzee wa Kiislamu, Bibi Mwamini, aliyekuwa akiuza chai na maandazi. Hakuwa na mtoto wala ndugu pale. Nyumbani kwake hakuumwa mtu. Maneno yakaanza: mbona ugonjwa unaruka nyumba ya huyu bibi? Walter alieleza sababu mpaka sauti ikamkauka, lakini watu waliokuwa wakizika hawakutaka kuelezwa. Walitaka mtu.

Mchana mmoja tukasikia kelele. Vijana walikuwa wakielekea kijitoni, wengine na mapanga, mmoja na dumu la petroli, na Bonifasi mbele yao. Evaline aliacha mwiko ndani ya sufuria. Hakukimbia, lakini nilimfuata kwa shida. Alipita pembeni ya nyumba, akafika mlangoni kabla yao, akavuta kigoda cha Bibi Mwamini, akaketi katikati ya mlango.

"Mama mwinjilisti, toka hapo," Bonifasi alisema. "Hatuna ugomvi na wewe."

"Nami sina ugomvi na wewe, baba Diana. Ndiyo maana nimekaa."

"Huyu ndiye aliyemuua mwanangu!"

"Mwanao nilimwosha kwa mikono hii, Bonifasi. Ningejua mtu aliyemuua, ningekwambia. Aliuawa na maji. Maji haya haya ya ziwa tunayochota kando ya vinyesi vyetu."

"Mbona kwake haumwi mtu?"

"Kwa sababu anauza chai. Maji yake yanachemka tangu alfajiri. Hata mimi nakunywa kwake, na mnaniona mzima."

Kijana mmoja wa nyuma alipaza sauti kwamba kama mwinjilisti hataki kutoka, basi wachomwe wote. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ukuta, nimekumbatia boksi la sabuni kana kwamba lingenisaidia. Evaline hakusimama.

"Anayetaka kuchoma achome," alisema. "Ila ajue ndani kuna watu wawili, si mmoja. Nami sitoki."

Hakuna aliyesogea. Ndipo Bibi Mwamini mwenyewe akatokea nyuma ya Evaline, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Akamnyooshea Bonifasi juu ya bega la Evaline.

"Pokea, mwanangu," alisema. "Diana alikuwa anakuja hapa kila asubuhi kuniomba andazi. Mimi sijalala tangu alipokufa."

Bonifasi hakuipokea ile chai. Alikaa chini mchangani, akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuwa amekilia siku ya maziko. Evaline akashuka kwenye kigoda, akakaa mchangani kando yake. Wale vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mwenye petroli alikuwa wa mwisho. Alibeba dumu lake akatembea kama mtu aliyekuwa anapita tu.

Kuanzia siku hiyo Evaline alihamia kwa Bibi Mwamini hadi ugonjwa ulipokwisha. Mafiga ya bibi yakawa mahali pa kuchemshia maji ya mwalo mzima. Walter alipoanza kuchimbisha vyoo, Bonifasi alikuja na jembe lake, akaingia shimoni akachimba.

Miezi kadhaa baadaye, siku za mbalamwezi, tulimkuta Bonifasi akishona nyavu. Akamuuliza Evaline, "Siku ile mlangoni, hukuogopa?"

"Niliogopa sana."

"Sasa kwa nini hukutoka?"

Hapo ndipo alipomweleza habari za Yesu, alivyosimama upande wa mwanamke ambaye watu walikuja kumpiga mawe. Alimweleza kwa Kiha, taratibu, kama anavyosimuliwa jirani. Bonifasi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nitafikiri," akarudia nyavu zake. Alifikiri kwa miaka miwili. Sisi ofisini tulishamkatia tamaa. Evaline hakumsukuma wala hakuacha kumpitia. Leo Bonifasi ni mzee wa kanisa katika mtaa wetu wa pale mwaloni, na benchi tunazokalia huko alizitengeneza Mzee Erasto, mume wa Evaline, fundi wa boti.

Bibi Mwamini alibaki Mwislamu hadi kufa kwake. Katika mkutano mmoja wa mwaka mjumbe alisimama akauliza kwa nini mwinjilisti wetu analala kwa huyo bibi kila safari, miaka yote hiyo, na hajamleta kanisani. Evaline alijibu akiwa amesimama, mikono nyuma: "Nimemwambia habari za Yesu. Amenisikiliza, na amenijibu kwamba anabaki katika dini yake. Sasa mnataka nimnyime urafiki?" Mwenyekiti akaona ni vema kuingia ajenda inayofuata. Bibi alipofariki, Evaline alikaa msibani pamoja na wanawake wa Kiislamu, akimenya muhogo na kuchota maji, hadi walipotawanyika.

Nisidanganye kwamba kila alichokianzisha kilisimama. Kuna kambi moja ya wavuvi ambako alifukuzwa na wauza pombe. Akarudi. Akafukuzwa tena, safari hii kwa maji machafu. Akarudi na kanga nyingine kwenye mkoba. Hadi leo hatuna hata muumini mmoja kule. Lakini mwaka jana wale wale wauza pombe walipopata mama mjamzito mwenye hali mbaya, namba ya simu waliyopiga ilikuwa ya Evaline. Alitafuta boti, mama akafika hospitali, mtoto akazaliwa salama. Nilipomuuliza kama sasa atakwenda kuwahubiria, alisema, "Nimeshaanza."

Kazi hii imemchosha. Magoti yake yana maumivu, na malaria imemlaza mara nyingi kuliko anavyokiri. Mara mbili injini ilizima katikati ya ziwa, na mara zote mbili yeye ndiye aliyeongoza nyimbo huku abiria wakipiga makasia. Nyumbani watoto wake walikua wakijua kwamba mama yuko safarini. Kwa hiyo shukrani zetu zinakwenda kwa Mzee Erasto na kwa watoto pia, waliotuazima mtu wao kwa muda mrefu kiasi hiki.

Mrithi wake ni Mwinjilisti Happiness, ambaye wengi wenu mnamfahamu kutoka kwaya ya vijana. Wametembea pamoja mwaka mzima. Wiki iliyopita, kwenye chai tuliyomwandalia ofisini, tulimuuliza Evaline atafanya nini baada ya kustaafu. "Nitaanza na kulala," alisema, na ukumbi mzima ukacheka. Tukamwamini. Tukakubaliana kwamba Jumatatu Happiness aende kaskazini peke yake kwa mara ya kwanza, na Evaline abaki nyumbani, hiyo ikiwa amri ya mchungaji.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi simu yangu ikaita.

"Nehemia, boti imeondoka?"

"Shikamoo, mama. Imeondoka."

"Marahaba. Happiness amevaa jaketi la kuokolea?"

"Amevaa, mama."

"Na wale wagonjwa ninaowapitia, wa nyumba ya mwisho, anajua kwamba aanze na wao?"

"Anajua. Ameniambia mwenyewe kabla sijamwambia."

Nilisikia jogoo wa kwake akiwika, na sauti ya Mzee Erasto ikimwambia aiweke hiyo simu chini. Evaline akavuta pumzi ndefu.

"Haya," alisema. "Basi mimi nalala."

Lala, mama. Umechemsha maji ya kutosha, umeketi mlangoni tulipokuwa tumejibanza ukutani, na umetuonyesha Injili ikiwa na mikono na miguu. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, mitaa yote ya mwambao, na watu wengi ambao hawatasoma jarida hili lakini wanakujua kwa jina, asante sana. Mungu akujalie afya, akuponye magoti, akupe miaka mingi pamoja na mzee wako. Huko kaskazini kazi inaendelea.

Nehemia, Katibu, Idara ya Uinjilisti na Huduma za Jamii, Ujiji