Mkono wa Afande Komakech

Kisenyi, nyuma ya gereji, kuna benchi la miguu mitatu na tofali moja, na hapo ndipo Rukiah anauza kahawa ya tangawizi. Kesi zote za mtaa zinaamuliwa hapo, hata zile ambazo wenyewe hawajazileta. Asubuhi hiyo mshtakiwa alikuwa mkono wa kulia wa Komakech, koplo wa polisi, Mwacholi. Wiki iliyopita mama mkwe wake aliteleza kibarazani kwenye mvua, naye akamdaka. Sasa mke wake ni Mganda, na kwa Waganda mkwe hamgusi mama mkwe hata kidole. Akimgusa, atapata obuko, ugonjwa wa kutetemeka. Na kweli mkono ulikuwa unatetemeka. Mke amejifungua, yuko kwa mamake Bukoto, na Komakech hajaenda kumwona mtoto.

— Obuko unaanza kwenye vidole, ssebo, alisema Fadhul, muuza spea wanayemwita Fatwa kwa kuwa kila jambo analitolea hukumu. Halafu unapanda begani.

— Begani tu? alisema Wanjala, fundi wa breki, jina la kijiweni Spana. Jirani yangu ulimpanda mpaka meno. Alikuwa anatafuna hata kama hakuna chakula.

— Ndiyo maana wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Si inahusu mkono?

Komakech hakucheka. Alimnyooshea Rukiah kikombe, akajaziwa tena.

— Nilienda kwa mshauri wa kambini, alisema. Yule mama aliniambia wazo baya ni mshukiwa kama washukiwa wengine, usilikubali kabla hujalihoji. Liulize ushahidi uko wapi. Halafu uliza kama hakuna mshukiwa mwingine.

— Ukalihoji?

— Nikalihoji. Mama mkwe alikasirika? Hapana, alinishukuru. Kuna mtu amenifukuza Bukoto? Hakuna. Lakini ushahidi si huu hapa?

Akainua mkono, kahawa ikamwagikia suruali.

— Nitamwangusha mtoto wangu, alisema. Alikuwa na hamu kubwa ya kumbeba yule mtoto.

Fatwa akakohoa kihakimu.

— Dawa ni moja. Mama mkwe arudi kibarazani ateleze tena, na safari hii usimdake.

Hapo akafika Phelister, Mkenya muuza vitenge aliyehamia mtaani juzijuzi.

— Nipatie kikombe, dada.

Rukiah akainamisha birika. Likatoka tone.

— Imeisha, bambi, pole.

— Asubuhi hii? Birika lote hilo, nani amekunywa?

Fatwa aliangalia kikombe chake, kile cha kwanza, bado nusu. Spana naye vilevile. Halafu wote wakamgeukia Komakech, ambaye tangu siku ile ya mvua hapati usingizi, na ili asisinzie kazini anashinda kwenye benchi hili akinywa kahawa.

— Hata jana ilikuwa hivi, alisema Rukiah polepole. Na juzi. Chapati hataki hata kuiona.

Komakech aliangalia kikombe, akaangalia mkono. Mshukiwa mwingine alikuwa ameketi mbele yake wiki nzima, tena wa moto, na yeye polisi hakumwona. Akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka, mzigo wote ukamshuka mabegani.

Akasimama.

— Afande, na kesi? aliuliza Fatwa.

— Naenda kula. Nilale kidogo, jioni niko Bukoto.

— Na wakikukaribisha kahawa?

— Nitaomba maziwa, kama mwanangu.