Mama Hoja, Aliyeshindwa Kura Katika Darasa Lake Mwenyewe

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu. Familia imenipa kazi ya kusoma maneno haya kwa sababu, wanasema, nina sauti. Wangesema tu kwamba nina mdomo, sote tunajua.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Hoja, alizaliwa tarehe 9 Mei 1953, mtoto wa pili wa baba fundi seremala na mama mkulima, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba. Siku hiyo mvua ilinyesha na bati likavuja. Mama alikuwa akisema mtoto yule alianza kulalamikia paa kabla hata hajanyonya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akaacha mwaka 1964 akiwa darasa la nne. Hakufeli. Mimi nilikuwa nimezaliwa, mama anaumwa, na alihitajika mtu wa kunibeba mgongoni. Kila tulipogombana, hata tulipokuwa na mvi, alinikumbusha: "Wewe ndiye uliyekula shule yangu." Kisha anacheka, ananiongezea chai.

Tarehe 14 Agosti 1971 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi baiskeli, ambaye amekaa hapa mbele yetu. Pole sana, shemeji. Katika nyumba yao kila jambo lilijadiliwa, kisha likapigiwa kura. Kwa kuwa walikuwa wawili, kila kura ilitoka sare, na shemeji anasema ndiyo maana wakazaa watoto watatu. Baadaye iliamuliwa kwamba Jumatatu na Alhamisi shemeji ndiye apike. Alishindwa kura nne kwa moja, na amepika mpaka mwaka huu.

Jumatatu na Alhamisi zilikuwa siku za darasa. Darasa la watu wazima lilifunguliwa mwaka 1984 kwenye ghala la mazao, wanafunzi wanawake watupu, likifundishwa na kijana mmoja mpole aliyewaimbisha irabu kama watoto wadogo. Marehemu akanyoosha mkono: "Mwalimu, kuimba tutaimba, lakini huyu aliyekaa nyuma yangu ni mama mkwe wangu. Tutunzie heshima kidogo." Kijana wa watu alipohamishwa, hakuletwa mwingine. Marehemu akahudhuria mafunzo ya ualimu wa watu wazima, na mwaka 1987 akashika chaki yeye.

Darasa lake lilikuwa na desturi yake: nusu ya kwanza kusoma, nusu ya pili kuamua. Nani afagie, darasa lianze saa ngapi, mtoto anayelia atolewe nje au aachwe alie. Mwanamke akisema jambo, marehemu alimuuliza, "Hiyo ni hoja au ni umbea? Kama ni hoja, nani anaiunga mkono?" Jina likaanzia hapo. Mwanzoni walinyoosha mikono, ikawa vichekesho, maana wake za watoto walichungulia kwanza mkono wa mama mkwe umeelekea wapi. Ndipo akaleta vikaratasi na kopo la unga lisilo na unga.

Sasa sikilizeni uchaguzi wa kwanza wa mwenyekiti wa darasa. Walikaa duara. Kila mmoja aliona haya kumruka jirani yake, na kwa kuwa kulia ndiko kwa heshima, akamwandika aliyekaa kulia kwake. Kopo likamwagwa, kura zikasomwa: kila mwanamke amepata moja. Moja moja, mzunguko mzima! Marehemu alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. Alipopata pumzi akasema, "Jamani, uongozi si sahani ya karanga mzungushiane kwa adabu. Mwandikeni mtu ambaye akiharibu mtaweza kumwondoa."

Wakarudia. Akashinda mshona nguo, yule pale mwenye kitambaa cha bluu. Marehemu akapata kura mbili. Tusidanganyane kwa sababu tuko msibani: alinuna. Alikuja kwangu jioni ile, hata salamu hakutoa. "Mbili! Tena moja ni yangu!" Nikamwambia basi mwachie mshona nguo akufundishie na hilo darasa. Akanitazama kana kwamba mimi ni mwendawazimu. Siku ya darasa iliyofuata aliwahi kuliko wote, akakipangusa kiti cha mbele, akamkaribisha mwenyekiti wake.

Mwaka 1995 kijiji kilipewa bomba moja la maji, na kamati, wanaume watupu, ikaamua lijengwe penye duka. Wanawake walizoea kukaa nyuma kwenye mkutano na kupiga makofi. Safari hiyo mshona nguo alisimama akasema, "Mwenyekiti wa kijiji, tuna hoja: bomba lijengwe penye zahanati," na mistari yote ya nyuma ikaiunga mkono. Likajengwa huko. Walipopiga kura darasani, marehemu alitaka lijengwe karibu na ghala, kwa hiyo alishindwa tena, akaendelea kubeba ndoo kupanda kile kilima cha zahanati. Hakunung'unika. Aa, nasema uongo, alinung'unika miaka. Ila siku mzee mmoja alipomshawishi wakamwombe mkubwa fulani abadilishe uamuzi kimyakimya, alimfukuza na ufagio.

Jambo moja lilimkosesha raha. Kijiji cha jirani kilikuwa na darasa kama letu, mwalimu wake akafa, na darasa likamfuata. Viti vikaishia kukodishwa kwenye harusi. Aliniambia, "Mdogo wangu, na langu likifa nami, basi miaka yote hii nilikuwa napiga soga."

Mwaka 2021 miguu ilianza kuvimba, na daktari akasema ni figo. Alitibiwa kwa uvumilivu mkubwa, akitunzwa na binti yake muuguzi. Januari hii wanafunzi wake walikuja kumwona, wakamuuliza kwa upole, "Mwalimu, unatuachia nani?" Mgonjwa asiyeweza kuinua kikombe akaketi kitandani. "Kwani nyinyi ni mbuzi, niwatafutie mchungaji?" Hakutaja mtu. Walipoondoka nilimsihi amtaje hata binti yake. Akageukia ukuta, akalia, akasema, "Naogopa. Lakini nikiwatajia mtu mimi, sikuwafundisha kitu." Alituaga asubuhi ya tarehe 6 Machi 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Jana darasa lilikutana ghalani, nami siku hizi ni mwanafunzi kama wengine. Nikatoa hoja: tufunge darasa mwezi mzima kwa heshima ya marehemu, halafu tutaona. Nilisema vizuri, nikalia vizuri, nikajua imepita. Tukapiga kura. Hoja yangu ilipata kura moja, na hiyo moja ni yangu. Nikawaka, nikawaambia hamna huruma, aliyelala ni dada yangu mimi! Mshona nguo akanishika bega. "Dada, tunakupenda. Umeshindwa, keti." Nikaketi. Wakachagua walimu wawili wa kupokezana, na wala hawakunitazama kuona kama nimekubali.

Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na si kwa huzuni tu.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu tisa, mimi mdogo wake, na darasa zima la wanawake ambao hawakuhitaji kuachiwa mtu.

Pumzika, dada yangu, hofu yako imekwisha. Jumatatu saa tisa alasiri tunasoma.