Jino la Chuma Kwenye Picha

DADA: Haloo? Ni nani?

MDOGO: Ni mimi, dada. Mdogo wako. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mbona unahema hivyo? Sema haraka, wanakuja kunichukua.

MDOGO: Uko wapi?

DADA: Nje ya chumba cha upasuaji, nimelazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Wameshaninyoa upande mmoja. Ungeniona ungecheka, kuku aliyenyonyolewa nusu.

MDOGO: Dada, usiingie.

DADA: Nini? Unakatika—

MDOGO: Usiingie! Waambie wasubiri!

DADA: Weee! Wiki mbili najipa moyo, leo nimeupata, ndio unakuja kunivunja? Daktari kasema uvimbe wenyewe si saratani. Ila ukiachwa, utaendelea kubana mshipa wa jicho mpaka jicho life.

MDOGO: Picha zile za kichwa si zako.

DADA: Si zangu vipi? Si wewe mwenyewe ulinilaza kwenye hiyo mashine yenu ya MRI, inanigongea masikioni kama niko ndani ya pipa?

MDOGO: Nilikulaza. Lakini picha ya kwanza, ile ya CT, haikuonyesha kitu, unakumbuka? Roho ikanikataa. Nimefungua faili lako sasa hivi. Humo kuna picha za watu wawili.

DADA: Wawili kwenye kichwa kimoja?

MDOGO: Ulipotoka wewe waliingia wanafunzi. Kujifunza maumbile ya kichwa, ubongo umekaaje, mishipa ya macho inapita wapi. Anatafutwa mtu mzima wa afya analala ndani, wao wanabonyeza mashine. Hawakufunga faili lako kwanza. Na mimi sikukagua. Kosa langu, dada. Langu kabisa.

DADA: Sasa umejuaje kama—

MDOGO: Jino. Jino la chuma linaacha doa jeusi kwenye picha. Gego la chini, kulia. Wewe unalo?

DADA: Mimi? Meno yangu yote kanipa Mungu. Mwenye jino la chuma ni—

[simu inakwaruza]

DADA: Haloo?

MDOGO: Nipo. Zako ziko chini, safi kabisa. Daktari aliangalia za juu. Nimempigia, kazima simu. Piga kelele, dada!

DADA: Nesi! We nesi, hebu simama! Siguswi na mtu hapa mpaka daktari aje! ... Kaenda kumwita.

MDOGO: Alhamdulillahi. Basi ngoja nikate, salio linaisha—

DADA: Usikate. Alilala nani?

MDOGO: Mtu tu. Mtu mzima wa afya.

DADA: Kila siku huwa analala nani?

MDOGO: Dada, hayo baadaye—

DADA: Juzi ulijigonga mlangoni kwangu, ukasingizia miwani. Jicho gani halioni?

MDOGO: La kushoto.

DADA: Yarabi! Mdogo wangu!

MDOGO: Usilie. Si saratani, umesema mwenyewe. Alikwambia nini kingine?

DADA: Hakuna kingine.

MDOGO: Dada.

DADA: ... Kwamba uvimbe umekaa pabaya, karibu na mshipa mkubwa wa damu. Kwamba kabla ya kuingia niage watu wangu. Nikawaaga wote. Wewe nikakuweka wa mwisho, nikashindwa. Nilikuwa naogopa, mwenzio.

MDOGO: Na mimi naogopa.

DADA: Toka humo sasa hivi! Na usipande pikipiki, unasikia? Tafuta mtu akulete!

MDOGO: Nina mgonjwa ndani ya mashine, nimmalize kwanza—

DADA: Mwachie mwenzako!

MDOGO: Dada, salio hilo. Niage basi. Kama ulivyoambiwa.

DADA: Sikuagi!

MDOGO: Niage tu, kama—

DADA: Sikuagi mimi! Njoo hapa nikuone kwanza, njoo na hilo jino lako, tutakaa na daktari, tuta— Haloo? Haloo! Sikuagi, unanisikia? Haloo?