Mama Mizizi na Neno Lililokosa Shahidi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Mizizi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika chumba chetu cha kamusi. Mkuu wa idara atahutubia, na wengi watalia. Mimi, ambaye meza yangu inatazamana na yake na hatujawahi kukubaliana hata kuhusu feni, ndiye niliyetwishwa kazi ya kuandika wasifu huu katika jarida la ofisi. Haya basi.

Alianza kama mpiga chapa, akapanda hadi kuwa mhariri wa maneno ya Kiingereza yanayoanza na H. Jina lake la utani alilipata kwa sababu hakuna neno aliloliacha lipite bila kulihoji limetoka wapi. Mzee mmoja alisikia sifa za Mama Mizizi, akapanda ngazi zetu kutafuta dawa ya mgongo. Alishuka akijua asili yote ya “heal”, neno la Kiingereza la kuponya, na mgongo ukimuuma vilevile.

Siku bomba lilipopasuka, ni yeye aliyeokoa kadi zetu za maneno. Alizianika kwa vibanio vya nguo vya nyumbani kwake, na mkurugenzi akaamrishwa ashike kamba. Akashika.

Kisha kuna “holpen”. Kwa asiyejua, yaani kila mtu, h-o-l-p-e-n ni umbo la zamani la kitenzi “help”. Maana yake ni “aliyesaidiwa”. Limetoka katika Kiingereza cha kale kabisa. Wenzake wenye mkia kama huo, akina “broken” na “spoken”, bado wako kazini. Lenyewe lilisukumwa nje na “helped”, na kwa Mama Mizizi huo ni uonevu mtupu.

Nilipopendekeza kwamba neno kuukuu libaki kamusini ikiwa tu mtu aliye hai, asiye jamaa wa mtetezi wake, amelitumia katika maandishi yaliyochapishwa, alinitazama kana kwamba nimeiuza nyumba yake. Kanuni ikapita. Akaanza kusaka shahidi. Mumewe alilichomeka kwenye kadi ya harusi ya binti yao. Tukamkataa, ni jamaa. Mlinzi wa getini alifundishwa, akamshukuru mkurugenzi kwa lifti akisema yeye ni “holpen”. Mkurugenzi, kwa huruma, akampa ruhusa aende hospitali. Naye tukamkataa, kwa kuwa hakuchapishwa popote.

Jumatatu kamati yetu inakaa kulifuta “holpen”, na mtetezi wake hatakuwepo. Juzi nilimkuta ameishika kadi ya neno hilo, haisomi, ameishika tu. Aliniomba jambo moja: tukilifuta, tusilifute huku tunacheka. Jamani, iliniuma.

Sasa, jarida hili linachapishwa. Mwandishi wa wasifu huu yu hai, mke wangu atathibitisha. Hana undugu wowote na Mama Mizizi, na aliyewahi kutusikia tukigombania feni ataapa kwamba hana hata urafiki naye. Kamati na ipokee basi sentensi hii: “In this office, thanks to her, we have all been holpen.” Yaani, shukrani kwake, tumesaidiwa, sote, na mimi nikiwemo.

Asante sana, dada. Nenda ukapumzike, afya iwe tele na wajukuu wakuchoshe vizuri. Na Jumatatu usikae karibu na simu: shahidi amepatikana.