Namba ya Mjomba Ciril Kravanja

Ciril Kravanja alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 hapa kijijini Zavrh, mlimani juu ya mji wa Tolmin, mtoto wa tatu wa Anton na Terezija. Mimi ninayewasomea wasifu huu wa marehemu ni mpwa wake Tadeja, mtoto wa dada yake Milena. Niliomba asome mtu mwingine, Mama akakataa katakata.

Alisoma shule ya hapa kijijini mpaka ilipofungwa, kisha akawa anashuka Tolmin kila siku kwa miguu, hadi akahitimu ufundi umeme. Aliajiriwa kiwandani mwaka 1977, akastaafu 2018. Lakini kazi tunayomkumbukia haikuwa na mshahara. Januari 1986 baba yake alifariki jikoni akisubiri gari la wagonjwa lililokwama kwenye theluji. Ciril akaenda kusomea huduma ya kwanza, akajiunga na zimamoto wetu wa kujitolea, na kwa karibu miaka arobaini yeye ndiye aliyetufikia kwanza kila palipotokea dharura. Neža wa akina Kofol, yule pale aliyebeba shada la maua, alizaliwa mikononi mwake ndani ya gari la zimamoto.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Zofka, wakajaliwa Jerneja na Matjaž. Zofka anasema hakuwahi kumwona akimaliza supu ya Jumapili ingali moto. Siku moja jirani yetu Bibi Pavla alimpigia: "Ciril, kimbia, nakufa!" Akaruka na mkoba wake, akamkuta bibi anapakua maandazi ya jibini.

"Nakufa kwa upweke. Kaa ule."

"Bibi wee, ipo siku nitakuja na jeneza kabisa!"

Alikula sahani mbili, akampima presha, ikawa juu kweli, akampeleka hospitali. Bibi Pavla yuko nasi hapa, ana miaka tisini na mmoja.

Katika kila mafunzo alitusihi tuanze na namba ya dharura ya taifa: "Piga 112 kwanza, ndipo mimi." Tulicheka. Hao wa 112 hawajui mlango wa mtu, Ciril anaujua. Mwaka juzi aliniomba nichape kadi za namba za dharura za kubandika kwenye friji. Nikaweka picha yake na namba yake tu, kubwa.

"Tadeja, 112 iko wapi?"

"Mjomba, nani hapa huipiga hiyo?"

"Rekebisha, mwanangu."

Nikasema nitarekebisha. Sikurekebisha.

Hakuugua, au hakutuambia. Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa nne asubuhi, nilikuwa naanika nguo nikaona mtu ameanguka kwenye konde la majani la Bibi Pavla, ng'ambo ya korongo. Nikadhani ni mwana wa bibi, Lojze. Nikampigia Mjomba. Hakupokea. Nikakimbia huku nikipiga tena na tena, na majirani walioniona nao wakawa wanampigia. Baadaye tulihesabu simu kumi na nne, kutoka nyumba sita. Nilipokaribia nikasikia kodiani, ule mlio wa simu yake, unalia ndani ya majani yaliyokatwa. Kumbe aliyeanguka ni yeye; alikwenda kumkatia bibi majani bila kumwambia mtu. Hapo ndipo nilipopiga 112. Dakika tisa zilikuwa zimekwisha kupita.

Nilimbonyeza kifua alivyonifundisha mwenyewe, mpaka helikopta ikatua. Nilimuuliza daktari kama dakika zile zingemwokoa. Akanishika bega. Jamani, nisameheni. Zofka, nisamehe.

Ameacha mjane wake Zofka, watoto wake Jerneja na Matjaž, wajukuu watatu, dada yake Milena, na kijiji kizima kilichozoea kuitikiwa. Jana alasiri, yeye akiwa amelazwa kanisani, simu yake ililia tena: mtoto ameumwa na nyuki. Nyuma ya karatasi hii nimechapa kadi mpya, 112 ikiwa juu kabisa. Ikateni leo, mkaibandike juu ya ile ya zamani.

Mjomba, nimerekebisha. Lala kwa amani, usiamke kwa ajili yetu tena.