Video ya Marehemu Imefungwa

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mwanamume alikuwa amepakata kompyuta. Mama aliyeketi naye akamuuliza kama imeharibika.

"Wezi wa mtandaoni wamefunga mafaili yote, dada. Wanataka hela ndio wafungue."

"Kwani hukuweka antivirasi?"

"Niliweka. Ni kama mlinzi anayemjua mwizi wa jana tu. Huyu wa leo, mlinzi alimpigia saluti."

"Na nakala?"

"Ziko kwenye diski ya pembeni. Nilikuwa nimeiacha imechomekwa humohumo, nazo zikafungwa."

Huko ni kuacha ufunguo wa akiba mlangoni, nikawaza. Kisha akamweleza yule mama kwamba humo mlikuwa na video pekee ya marehemu mkewe akimwimbia binti yao, na mtoto halali bila kuitazama.

"Mwambie ukweli, kaka. Ameshamzika mama yake, hata hili ataliweza."

"Amzike mara mbili?"

"Sasa leo utamwambia nini?"

"Kwamba fundi hajamaliza."

"Na kesho?"

Basi likasimama. Mwanamume akaikumbatia kompyuta yake, akamwomba yule mama ampishe, akashuka.